Kikombe cha Uji Uliopoa

Mwiko uligonga ukingo wa sufuria, tik, na Bibi Tusekile akasimama kusikiliza kama kuna mtu ameamka. Kulikuwa bado giza. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini migomba iliendelea kudondosha matone juu ya bati, na ng'ombe alikuwa akipumua bandani kwa nguvu kama mtu anayepuliza chai. Hakuna aliyeamka. Akaendelea kukoroga, safari hii akiushika mwiko chini kabisa ili usilie.

Uji wa ulezi ulikuwa umeshaiva. Sasa alikuwa anafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: alikuwa anaupoza. Sufuria aliiweka ndani ya beseni la maji ya kisimani, maji ya kuuma vidole, akakoroga, akamwaga yaliyopata joto, akaweka mengine. Makaa aliyafukia kwa majivu. Huku chini ya mlima Rungwe, kumpa mtu uji uliopoa asubuhi ni kama kumwambia aende zake. Mgeni hupewa wa moto, mgonjwa hupewa wa moto, hata uliyegombana naye jana humpa wa moto, kisha ugomvi unaendelea.

Kwenye mfuko wa sweta lake kulikuwa na kichupa chembamba kama kidole, baridi kama jiwe la mtoni. Alikichukua kutoka kwenye sanduku la mkwewe, Subilaga, aliyekuja jana kusalimia na kulala chumba cha nyuma. Alipokifungua na kukimimina kwenye kikombe cha bati, hakuona kitu ila mng'ao kidogo, kama vumbi la fedha. Akaumimina uji juu yake.

Mng'ao huo ulikuwa vikucha, roboti ndogo mno za kutafuta ugonjwa mwilini. Jina la kiofisi la roboti zile lilikuwa refu na hakuna aliyelikumbuka, basi watu waliziita vikucha. Kila kimoja kilikuwa kidogo kuliko chembe ya unga, nacho kilikuwa na vidole sita vilivyokunjuka kama ua. Hakikuwa na betri wala waya. Kwenye viungo vya vidole palikuwa na gundi iliyokuwa ngumu kwenye baridi na kulainika kwenye joto la mwili. Mtu akivimeza, vinatanda kwenye njia ya chakula, gundi inalainika taratibu, vidole vinajifunga, na kila kimoja kinanyofoa kipande cha nyama kidogo mno hata mwenye mwili hasikii mwasho. Baadaye anameza punje ya sumaku iliyofungwa kwenye uzi, uzi unavutwa, nayo sumaku inatoka na vikucha vyote. Lakini vikipata joto kabla ya wakati vinajifunga bure. Ukivitia kwenye uji wa moto, vitang'ata uji.

La uzi Tusekile alilijua. Alijipa moyo kwamba mumewe akishakunywa, la uzi watalizungumza.

Mume huyo, Mzee Ambakisye, alikuwa akikwamwa na chakula tangu mavuno ya mahindi. Alianza kusukuma kila tonge kwa maji. Kisha akaacha ugali, akaacha ndizi, na mshipi wake ulitobolewa tundu jipya. Wengi kwenye milima ile walikuwa wameanza hivyohivyo, enzi ambazo watu walikuwa wakisubiri mpaka maji nayo yakatae kupita. Siku hizi hakukuwa na haja ya kusubiri. Kila tarafa ilikuwa na mlezi wa vikucha, aliyepita nyumba hadi nyumba na sanduku la baridi mgongoni. Na mlezi wa tarafa ile alikuwa Subilaga, mke wa mtoto wao Asajile.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa desturi ya kwao ya zamani, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Wakikutana njiani, yeye huingia kwenye migomba na kugeuza mgongo. Hamsemeshi, hali naye, jina lake halitaji. Majirani wengi walikuwa wameshaiacha desturi hiyo, na vijana waliicheka. Lakini mama yake Ambakisye aliishika mpaka alipozikwa, naye Ambakisye aliishika kwa ajili yake. Subilaga hakuwahi kulalamika. Miaka yote ya ndoa yake alipita mlango wa nyuma, akitulia nyuma ya ukuta wa mbao, na mzee aliijua kanga yake ikipotea kwenye migomba kuliko alivyojua sura yake.

"Asiyenitazama uso, ndiye aje kunitazama utumbo?" mzee alisema aliposhauriwa. "Hapana. Hiyo ni aibu kwake na kwangu."

"Basi tukutafutie mlezi mwingine," Tusekile alimwambia.

Wakatafuta. Wa karibu alikuwa ng'ambo ya Mbeya, na zamu yake ingefika mvua zikiwa zimekwisha. Koo halingesubiri. Ndiyo maana alfajiri ile Tusekile alikuwa amesimama jikoni, mikono imekufa ganzi, akiwa na kikombe ambacho hakikutoa moshi.

*

Mzee Ambakisye aliingia akiwa amejitanda blanketi, akakaa kwenye kigoda chake na kunyoosha miguu kuelekea kwenye moto ambao haukuwapo.

"Umeamkaje, baba Asajile?"

"Mimi nimeamka. Koo ndilo limelala."

Tusekile akacheka kidogo, kwa kuwa alijua mzee alitaka acheke, akampa kikombe. Mzee alikipokea kwa viganja vyote viwili kama alivyozoea asubuhi za baridi. Akasita.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Uji umepoa hivi, nikajua mmeamkia msibani."

"Kuni zimelowa," alisema Tusekile.

Mzee aliyatazama majivu. Kisha akaitazama mikono ya mkewe, iliyokuwa imejikunja na kuwa myekundu vidoleni kwa maji ya kisimani. Alidhani ni mikono ya mtu aliyehangaika na kuni mbichi tangu giza, na uso wake ukalegea.

"Tazama mikono yako, Tusekile. Yote hii kwa ajili ya uji wa mzee asiyeweza kumeza. Si kitu. Nitaunywa hivihivi. Nani ajuaye, uliopoa huenda ukapita vizuri."

Akainua kikombe.

Tusekile alikuwa amejiandaa kwa maswali. Alikuwa amejiandaa kwa hasira na hata kwa kikombe kurudishwa. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Mkono wake ulikwenda wenyewe ukafunika mdomo wa kikombe, na midomo ya mzee ikagusa vidole vyake badala ya uji.

"Usinywe."

"Kuna nini?"

"Kuna vikucha ndani. Nimeviweka mimi. Kuni hazijalowa."

Mzee hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Alikaa na kikombe mkononi, akatazama ndani kama mtu anayetafuta nzi.

"Mkwe ndiye aliyekutuma?"

"Hajui. Amelala."

"Sijalala, mama," ilisema sauti nyuma ya ukuta wa mbao.

Wote wawili waligeuka. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyeelekeza uso upande mwingine, lakini ilisikika vizuri. Katika miaka yote ile Mzee Ambakisye hakuwahi kuisikia ikisema zaidi ya kubembeleza mtoto.

"Mama, mwambie baba kwamba hata angeunywa, nisingesoma. Kilichochukuliwa mwilini mwa mtu naye hajui, mimi sikisomi. Ningevifukia shambani." Sauti ikaongeza haraka, "Na mwambie asikishike kikombe kwa viganja. Vitajifunga."

Mzee alikiachia kikombe kama kimemchoma, kisha akakidaka kwa mkono wake kabla hakijamwagika. Akabaki amekishika kwa vidole viwili, mbali na mwili wake, kama mtu aliyepewa kifaranga cha mwewe.

"Amesema usikishike kwa viganja," alisema Tusekile.

"Nimesikia."

"Basi mmesikiana, mimi nikae pembeni."

"Hukai popote," alisema mzee. "Wewe ndiye uliyeanza. Mwulize vitadumu mpaka lini kwenye baridi hii."

"Subilaga, baba anauliza..."

"Mwambie kikombe kikiwekwa kwenye beseni la maji ya kisimani, vitadumu mpaka jua lifike mlangoni. Baada ya hapo havifai. Na mwambie hakuna atakayemlaumu vikiharibika. Nitaleta vingine siku akitaka, au sitaleta kabisa asipotaka."

Tusekile alikiweka kikombe kwenye beseni. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia mumewe kwamba usiku humsikiliza akimeza mate, anahesabu kama yamepita. Lakini aliona leo ameshasema na kufanya ya kutosha kwa niaba ya mtu mwingine, akajifunga mdomo, akafukua makaa ili walau miguu ya mzee ipate joto. Kikombe alikisogeza mbali na moto.

Mzee alinyoosha miguu kwenye makaa mpaka giza la dirishani likawa jeupe.

"Mwulize," alisema hatimaye, "ni nani aliyechonga vidaraja vya kukanyagia kwenye mteremko wa kisima, mwaka ule nilioteguka mguu."

Nyuma ya ukuta mtu alisogea karibu na mbao.

"Mama," ilisema sauti, "mwulize na yeye ni nani aliyekuwa anaacha ndizi mbivu kwenye jiwe la kona kila nilipokuja kusalimia."

Tusekile alitazama mbao, akamtazama mumewe. Ndizi zile aliziona mara nyingi, akadhani ni za jirani. Vidaraja vile alidhani ni kazi ya Asajile. Kumbe watu wawili wasiotazamana walikuwa wametunzana miaka yote hiyo, na yeye aliyekaa katikati hakujua.

Mzee alijikuna kidevu. "Mwulize jambo moja la mwisho. Akishaona yaliyomo ndani yangu, mimi nitapita wapi? Yeye anajificha kwenye migomba kwa heshima. Mimi nitajificha wapi?"

Jibu lilikuwa la mtu aliyewahi kujiuliza hilo peke yake.

"Mwambie baba, nimeona wengi kwa ndani. Nimemwona mchungaji, nimemwona mlevi, nimeona watoto. Ndani wote ni rangi ileile. Hamna mzee humo, hamna mkwe. Kipande ninachokiona ni kidogo kuliko unga, hakina jina, hakina aibu. Mtu yuko usoni, mama. Na uso wake sitautazama."

Mzee Ambakisye alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi, lakini kilikuwa kicheko.

"Asajile alioa mtu mwenye akili kuliko yeye," alisema. "Hilo usimwambie." Kisha akageukia mkewe, na sauti yake ikashuka. "Ninaogopa, Tusekile. Si aibu peke yake. Aibu nimeitanguliza mbele ili woga usionekane."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nimelala kando yako tangu tukiwa na meno yote."

Mzee alivuta blanketi. "Masharti yangu ni haya. Akiona baya, aseme wote tukisikia, hapohapo ukutani. Nisije nikasikia kwamba Asajile aliambiwa kwanza, mchungaji akafuata, na mimi mwenye koo nikaambiwa na majirani."

"Mwambie ndivyo itakavyokuwa," ilisema sauti.

"Basi lete kikombe. Bado kimepoa?"

Tusekile alikigusisha shavuni. Kilimuuma kwa baridi. Nje mwanga ulikuwa umefika kwenye migomba lakini haujagusa kizingiti.

"Kimepoa."

Mzee aliunywa uji ule taratibu, funda kwa funda, akifumba macho pale ulipokwama na kufumbua ulipopita. Alipomaliza, alikunja uso.

"Mbaya sana huu," alisema. "Kufa ningekufa, lakini si kwa uji kama huu."

*

Kazi ya uzi aliifanya Tusekile. Subilaga alielekeza kutoka nyuma ya ukuta. Punje ya sumaku ilikuwa laini kama shanga, na mzee aliimeza kwa maziwa. Wakasubiri vikucha vishikwe. Kisha Tusekile akaanza kuvuta.

"Polepole, mama. Kama unavyovuta uzi wa shanga usikatike. Akibanwa, simama. Apumue kwa pua."

"Anatoa machozi."

"Ni kawaida. Mwambie anafanya vizuri kuliko mchungaji. Mchungaji alinitukana."

Mzee, na uzi mdomoni, alitoa mlio ambao Tusekile aliufahamu kuwa ni kicheko. Punje ikatoka. Ilikuwa imeota manyoya ya fedha pande zote kama jiwe lenye kuvu. Tusekile alishikilia uzi ule mbali na sweta lake, akazunguka nje hadi mlango wa nyuma, akampa mkwewe. Subilaga alikuwa bado na kanga ya kulalia, macho mekundu ya kukosa usingizi, hadubini yake imeshawashwa juu ya sanduku.

"Nisamehe kwa kichupa," alisema Tusekile.

Subilaga alimshika mkono, akaubana kidogo, akaachia. "Ulimzuia asinywe," alisema. "Nilikusikia."

Jua lilifika mlangoni. Ng'ombe akakamuliwa. Mzee alikaa kwenye kigoda, mgongo umeegemea mbao za ukuta. Upande wa pili hadubini ililia kama nyuki mdogo ikipitia kikucha kimoja hadi kingine, mpaka vyote vikaisha.

"Mama, baba yuko karibu?"

"Ameegemea ukuta."

"Basi nasema wote mkisikia." Sauti ilikuwa imara. "Ugonjwa upo."

Tusekile akakaa kwenye gogo la kuni. Mzee hakusogea.

"Upo, lakini umeshikwa ukiwa mlangoni. Sehemu kubwa ya koo imevimba tu, kwa kunywa vya moto mno miaka mingi. Kipande kimoja, chenye ukubwa wa ukucha wa mtoto, ndicho ambacho seli zake zimeanza kukosa adabu. Bado hazijazama chini wala hazijatoka hapo. Vikucha vya kuvuna vitapitishwa mara kadhaa, vinyofoe palepale kidogo kidogo mpaka pawe safi. Bila kisu. Bila kulazwa. Angesubiri mvua zikatike, nisingesema hivi."

Kisha Mzee Ambakisye aliinua mkono wake nyuma, bila kugeuka, akagonga ubao mara mbili kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Ndaga," alisema. Asante. Aliisema kwa ukuta, bila kupitia kwa mtu.

*

Mahindi mabichi yalipotoka, Tusekile alichoma mawili kwenye makaa, moja lake na moja la kumjaribia mzee. Subilaga alikuwa amefika asubuhi hiyo na sanduku lake, uzi ulikuwa umevutwa, na hadubini ilikuwa imeshanyamaza.

"Pasafi," ilisema sauti ukutani. "Nimepitia vyote. Hamna hata kimoja chenye matata."

Tusekile alipiga kigelegele hadi ng'ombe akashtuka na jirani akaita kutoka shambani kuuliza nani kaolewa. "Koo la baba Asajile," alimjibu, na jirani naye akapiga cha kwake bila kuelewa vizuri.

Mzee alichukua hindi. Alikata punje mstari mmoja, akatafuna, akameza. Hakugusa maji. Tusekile aliitazama shingo yake kama mtu anayetazama mtoto akivuka mto, na punje zilipopita alijikuta naye amemeza. Mzee alikata mstari wa pili. Kwenye mshipi wake, lile tundu jipya lilikuwa halitumiki tena.

"Ulimpa uji uliopoa mume wako," alisema akitafuna, "na sasa unamtazama akila kama ni sinema."

"Kula."

Nyuma ya nyumba walisikia sanduku likifungwa na mikanda ikikazwa. Subilaga alikuwa na nyumba nyingine ng'ambo ya bonde. Mzee aliweka hindi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Tusekile.

Mzee aliingia bandani, akatoka na ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji, kamba shingoni. Wazee wa kwao, walioweka desturi ile, walikuwa wameiwekea na namna ya kuifungua: baba mkwe akiona imetosha, anatoa zawadi kwa mkono wake na mkwe anaipokea kwa mkono wake. Tusekile alilijua hilo kutoka kwa mama mkwe wake, lakini hakuwahi kuliona likifanyika.

Subilaga alikuwa ameshashuka hatua chache kwenye njia. Aliposikia nyayo asizozizoea, aliacha njia mara moja, akaingia kwenye migomba na kugeuza mgongo.

"Mama Asajile," alisema mzee, "mwambie..." Akasita. Akajaribu tena, na safari hii sauti ilitoka nzima, kwenye koo lililo safi. "Subilaga. Toka kwenye majani hayo, utalowa."

Kanga haikusogea kwa muda. Kisha migomba ikatikisika, na Subilaga akatoka, macho chini, mikanda ya sanduku imeminya mabega. Mzee alinyoosha kamba. Alisubiri bila kumharakisha. Subilaga akapiga goti moja, akapokea kamba kwa mikono miwili, na alipoinuka akainua uso.

Wakatazamana. Tusekile, akiwa mlangoni, aliona jinsi mzee alivyoupitia uso ule polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoisubiri muda mrefu.

"Kumbe unafanana na sauti yako," alisema mzee.

"Na baba anafanana na ndizi zake," alisema Subilaga, na alipoona mzee anacheka naye akacheka, machozi yakimtoka.

"Kazi ya koo imekwisha?"

"Imekwisha, baba. Sina sababu ya kurudi na sanduku mpaka mwakani."

"Sanduku liache huko." Mzee alimtazama ndama, akautazama mlango wa mbele wa nyumba yake, ambao mkwewe hakuwahi kuupita. "Wewe njoo tena Jumapili, upite hapa mbele. Mama yako atapika uji, na mimi mwenyewe nitahakikisha wako ni wa moto."